Okoa Diski Kwanza, Itengeneze Baadaye: Mwongozo wa Kurudisha Faili Zilizoharibika

Kama unasoma haya huku diski yenye faili zilizoharibika ingali imechomekwa na taa yake inamulika, iondoe kwa utaratibu kisha urudi tuendelee. Ikiwa ni diski ya ndani, zima kompyuta. Ikiwa inagonga tak-tak au inakwaruza, usingoje utaratibu wowote: kata umeme.

Nalisema hili mapema kwa sababu katika kazi ya kuokoa data hapa Nairobi, mara nyingi kinachoshindikana kurudi hakikuharibiwa na stima iliyokatika wala na uzee wa diski. Kiliharibiwa baadaye, na mtu aliyekuwa anajaribu kusaidia. Windows ilimwambia afomati diski ili aitumie, akakubali. Au aliendesha chkdsk, zana ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwenye diski iliyokuwa inakata roho. Au alipakua programu ya kuokoa faili akaisakinisha ndani ya diski ileile anayotaka kuiokoa. Hatua zote hizi zinaandika kwenye diski, na kinachoandikwa kinaweza kukalia pale palipokuwa na picha za harusi au hesabu za duka.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni huu, na usikubali mtu akugeuzie: tambua tatizo, nakili diski nzima, kisha fanya majaribio yote juu ya nakala. Diski yenyewe inarudi kwenye droo.

Tambua kilichoharibika

Mara nyingi kilichovunjika ni mfumo wa faili, yaani kumbukumbu inayosema faili fulani iko kwenye sekta zipi (vipande vidogo vya diski). Ni kama daftari la keateka wa ploti: likichanika hujui mpangaji yupi yuko nyumba namba ngapi, lakini wapangaji wenyewe bado wamo ndani. Hali hii ina matumaini makubwa. Dalili yake ni diski nzima kukataa kufunguka, Windows kuiita RAW au kudai ifomatiwe, ama folda kuwa na majina ya ajabu yasiyosomeka.

Hali ya pili ni faili yenyewe kuumia ndani ilhali diski inafunguka vizuri. Hapa stima ina mkono mrefu. Unapohifadhi kazi, kompyuta hukuambia imemaliza huku sehemu ya data ikiwa bado kwenye memori, inangoja zamu ya kuandikwa. Umeme ukikatika wakati huo, sehemu ile inapotea. Mifumo ya faili kama NTFS ya Windows na ext4 ya Linux huweka shajara ya mabadiliko ili muundo wa diski usisambaratike, ila kwa kawaida shajara hiyo hulinda muundo tu, si yaliyomo. Ndiyo maana unawasha kompyuta na kukuta faili ya Excel ina jina lake na ukubwa wake, lakini ndani ni sifuri tupu. Flashi na kadi za kamera hutumia FAT32 au exFAT, ambazo hazina shajara ya aina hiyo kabisa, na ndiyo sababu kuchomoa flashi ghafla kwenye saiba kunaleta hasara kubwa kuliko watu wanavyodhani. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima na hata sehemu za uwanja wa ndege wa JKIA zikawa gizani, kila mashine iliyokuwa inaandika bila UPS (betri ya akiba) ilikatwa katikati ya sentensi kwa mpigo mmoja.

Hali ya tatu ni diski kuumwa yenyewe: sekta zimekufa, kichwa cha kusoma kimechoka, au chipu za SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka) zimeisha. Hii ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa kila dakika ya kuisoma inaweza kuwa ya mwisho.

Kisha kuna mambo mawili yanayofanana na uharibifu ilhali ni kitu kingine. La kwanza ni kirusi cha saiba kinachoficha faili zako zote na kuacha njia za mkato tu kwenye flashi. Faili zipo. Kwenye kompyuta safi yenye kinga ya virusi, fungua dirisha la amri na uandike hivi, ukibadilisha F kuwa herufi ya flashi yako:

`attrib -h -r -s /s /d F:\*.*`

Nakili faili zako, usibofye njia ya mkato hata moja, kisha ufomati flashi. La pili ni flashi bandia: imeandikwa GB 512 kumbe ndani ina uwezo wa GB 16 tu. Inapokea kila kitu bila kulalamika, kisha vilivyozidi vinapotea au vinaandikwa juu ya vya zamani. Faili zilizopita ukomo wake hazikuwahi kuhifadhiwa, na hakuna programu itakayozirudisha. Ukinunua flashi au kadi, iwe barabarani au kwenye duka la Luthuli Avenue, ipime kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux kabla ya kuiamini na kazi ya mteja.

Kuna mtuhumiwa mwingine anayesahaulika, nao ni RAM (memori) mbovu au kebo mbovu. Kokotoa hashi ya faili moja kubwa (mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili ikibadilika hata kidogo), washa kompyuta upya, ukokotoe tena. Kwenye Windows amri ni `certutil -hashfile video.mp4 SHA256`, kwenye Linux ni `sha256sum video.mp4`. Majibu yakitofautiana bila faili kuguswa, usilaumu diski bado. Badilisha kebo au mlango wa USB, pima memori kwa Memtest86+, na usinakili chochote kwa mashine hiyo mpaka ujue, maana itaharibu hata nakala unayoitengeneza.

Tafuta kwingine kabla ya kupigana na diski

Hatua hii haihitaji ufundi, na watu huiruka kwa sababu ya hofu. Kaa chini uandike ni faili zipi hasa unazozihitaji, kisha ujiulize kila moja imewahi kupita wapi. Ile ripoti uliituma kwa barua pepe? Iko kwenye folda ya zilizotumwa. Ankara ulimtumia mteja kwa WhatsApp? Fungua mazungumzo yenu, na kama haiko kwenye simu yako, mwombe akurudishie. Ankara za eTIMS na ritani ulizowasilisha kwa iTax ziko kwa KRA, mamlaka ya kodi. Taarifa za M-PESA na za benki unaweza kuziomba upya. Mfanyabiashara anatakiwa kutunza kumbukumbu za kodi kwa miaka mitano, kwa hiyo orodha hii ina thamani hata kama diski itapona.

Angalia pia kama Windows ilikuwa inatunza matoleo ya zamani: bofya folda kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa zake, utafute kichupo cha matoleo ya awali. OneDrive na Google Drive nazo hutunza matoleo ya nyuma ya faili. Lakini kama diski inaumwa, ruka sehemu ya Windows na uangalie ya mtandaoni tu, kwa kompyuta nyingine.

Kinachobaki kwenye orodha baada ya hapo ndicho unachokwenda kukipigania. Mara nyingine orodha inabaki na folda mbili tu, na kazi ya siku mbili inakuwa ya saa mbili.

Pima afya ya diski bila kuichosha

Tayarisha flashi yenye SystemRescue. Ni Linux ya bure inayowaka kutoka kwenye flashi, nayo ina zana zote nitakazozitaja kwa sehemu ya diski. Uzuri wake kwa kazi hii ni kwamba haifungui diski zako kiotomatiki, hivyo haiandiki kitu juu yake. Ukipenda Ubuntu, sakinisha `gddrescue`, `testdisk` na `smartmontools`. Zingatia kwamba Ubuntu hupenda kuifungua diski ya nje mara tu inapochomekwa.

Chomeka diski na uitambue:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`

Linganisha namba ya serial na ile iliyobandikwa kwenye diski. Usikisie kwa ukubwa, hasa ukiwa na diski mbili za TB 1. Tuseme diski yako ni `/dev/sdb`. Sasa:

`sudo smartctl -a /dev/sdb`

Kama ni diski ya nje na amri inakataa, ongeza `-d sat`. Kwenye jedwali linalotokea tazama mistari minne. Namba 5 ni sekta ambazo diski imeshazihamisha kwa kuwa zilikufa. Namba 197 ni zile zinazongoja hukumu, na 198 ni zile zilizoshindikana kabisa. Safu ya mwisho ya mistari hii mitatu ikiwa juu ya sifuri, ichukulie diski hiyo kama mgonjwa. Namba 199 huhesabu makosa ya mawasiliano, na ikipanda peke yake, mara nyingi shida ni kebo. Kwa SSD za NVMe jedwali ni tofauti: tafuta mstari wa makosa ya uadilifu wa data na ule wa asilimia iliyotumika.

Usianzishe jaribio refu la SMART, ule mfumo wa diski kujipima yenyewe, kwenye diski unayotaka kuiokoa. Linasoma diski nzima na halikupi hata faili moja. Kama kuna usomaji mmoja mrefu uliobaki katika maisha ya diski hiyo, uwe ule wa kunakili.

Ikiwa diski inagonga, haizunguki, au haionekani kwenye `lsblk` hata ukibadilisha kebo, mwongozo wa nyumbani umeishia hapo. Ndani ya diski ngumu kichwa cha kusoma huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, na chembe ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi hiyo. Usiifungue. Usiiweke kwenye friza, hata ukisikia ilimfanyia kazi mtu, kwa sababu unyevu ukiganda juu ya sahani unamaliza kilichobaki.

Nakili diski nzima

Unahitaji diski nyingine nzima, kubwa kuliko ile mbovu, iliyofomatiwa kwa NTFS au ext4. FAT32 haifai, haipokei faili inayofika GB 4. Kama huna diski, azima au nunua kabla ya kuanza. Najua inauma kununua diski mpya kabla hujajua kama ya zamani itapona, lakini bila hiyo kila jaribio unalifanya kwenye mwili wa mgonjwa.

Zana ni GNU ddrescue. Kunakili kwa kawaida hukwama kwenye sekta ya kwanza mbovu na kuigonga tena na tena. Ddrescue hufanya kinyume: inachukua kwanza maeneo yote yanayosomeka kwa urahisi, inaruka yanayosumbua, kisha inayarudia baadaye. Diski ikifa katikati, angalau umeshachukua kilicho kingi.

Tuseme ile diski nyingine, isiyo mbovu, umeifungua (mount) kwenye `/mnt/salama`. Mzunguko wa kwanza:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/salama/diski.img /mnt/salama/diski.map`

Kabla ya kubonyeza, soma amri hiyo kwa sauti. Chanzo kinatangulia, kinakokwenda kinafuata. Alama ya `-n` inaiambia isichokonoe maeneo magumu kwa sasa. Faili ya `.map` ndiyo kumbukumbu ya kazi: inaandika ni wapi pamesomwa na wapi bado. Usiifute wala usiisahau, kwa sababu stima ikipotea saa tano usiku, kesho asubuhi unaendesha amri ileile, nayo inaendelea pale ilipofika badala ya kuanza upya. Kwa mtu anayefanya kazi hii Nairobi, hiyo peke yake inatosha kuichagua.

Kuhusu muda: diski ya TB 1 yenye afya, ikisomwa kwa MB 100 kila sekunde, huchukua karibu saa tatu. Kupitia mlango wa zamani wa USB 2.0 jiandae kwa saa saba au nane. Diski inayoumwa inaweza kuchukua siku kadhaa. Iweke mahali penye hewa, isiwe juu ya kitanda wala ndani ya mfuko wake, na uiguse mara kwa mara. Ikiwa moto mno, simamisha kwa Ctrl na C, iache ipoe, kisha uendelee.

Mzunguko wa pili unarudia maeneo yaliyobaki mara tatu:

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/salama/diski.img /mnt/salama/diski.map`

Ukiona hauongezi kitu, jaribu mara moja na `-R`, inayosoma kutoka mwisho kurudi mwanzo. Baada ya hapo jua kuacha. Asilimia 99.9 iliyo mkononi ina faida kuliko kuitesa diski kwa ajili ya sekta chache ambazo pengine zilikuwa tupu.

Ukimaliza, funga nakala isiandikwe:

`chmod a-w /mnt/salama/diski.img`

Na kama nafasi inaruhusu, tengeneza nakala ya nakala uiite `diski-kazi.img`. Hiyo ndiyo utakayoifanyia ukarabati. Diski ya asili ichomoe, iandike tarehe kwa kalamu, uiweke pembeni.

Fungua nakala, ukarabati ukibidi

Jaribu njia nyepesi kwanza, ya kuifanya nakala ionekane kwa Linux kama diski:

`sudo losetup -r -P -f --show diski.img`

Itakujibu kwa jina kama `/dev/loop0`, na patisheni zake (sehemu diski ilizogawanywa) zitakuwa `loop0p1`, `loop0p2` na kuendelea. Fungua kwa kusoma tu:

`sudo mount -o ro /dev/loop0p1 /mnt/tazama`

Kwa ext4 andika `-o ro,noload`, la sivyo Linux itataka kutekeleza yaliyobaki kwenye shajara hata ukiwa umeomba kusoma tu. Folda zikionekana, nakili kila kitu kwenda mahali salama na huhitaji ukarabati wowote. Hutokea mara nyingi zaidi ya unavyotarajia, kwa sababu Windows hukataa diski ambazo Linux inazisoma bila shida.

Ukiulizwa ufunguo wa BitLocker, mfumo wa Windows wa kusimba diski (kuifunga kwa msimbo), hakuna njia ya kuzunguka. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni husimba diski bila mwenyewe kujua. Ufunguo wa tarakimu 48 huwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha mashine, au kwa idara ya kompyuta ya kazini.

Ikikataa kufunguka, tumia TestDisk kwenye ile nakala ya kazi:

`testdisk diski-kazi.img`

TestDisk na PhotoRec, zote za Mfaransa Christophe Grenier, ni za bure na hazina toleo la kulipia linalokuonyesha faili kisha kukudai pesa. TestDisk inatafuta patisheni zilizopotea na inajua mahali nakala za akiba zilipo. FAT32 huweka nakala ya sekta ya kuanzia kwenye sekta ya 6 ya patisheni, na NTFS huweka yake mwishoni mwa patisheni. Ikiiona patisheni yako, bonyeza P kuorodhesha faili, chagua unazotaka na uzinakili nje kwa herufi ya C. Fanya hivyo kabla ya kuruhusu TestDisk iandike chochote.

Kwa ext4 iliyopoteza superblock, yaani rekodi kuu ya mfumo wa faili, ipo akiba pia. Unganisha nakala ya kazi kwa losetup bila `-r`, tuseme imekuwa `/dev/loop1`, kisha uone kwanza ingefanya nini:

`sudo e2fsck -fn -b 32768 -B 4096 /dev/loop1p1`

Herufi ya `n` inajibu hapana kwa kila pendekezo, hivyo hakuna kinachobadilika. Ukiridhika, weka `y` badala yake. Faili zilizopoteza majina utazikuta kwenye folda ya `lost+found`.

Na chkdsk je? Ni zana nzuri iliyowekewa kazi isiyo yake. Lengo lake ni kuifanya diski itumike tena, na kwa ajili hiyo iko tayari kukata kumbukumbu isizozielewa. Vipande vinavyobaki inavitupa kwenye folda ya FOUND.000 vikiwa na majina kama FILE0000.CHK. Ukitumia `/r`, inasoma kila sekta ya diski pia. Itumie baada ya kuwa na nakala mbili, au kwenye diski yenye afya ambayo faili zake ziko salama kwingine.

Mfumo wa faili ukiwa umesambaratika kabisa, inabaki PhotoRec:

`photorec /d /mnt/salama/vilivyopatikana diski.img`

Hii haijali kumbukumbu ya majina. Inapita kwenye diski ikitambua faili kwa sura zao za mwanzo. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na FF D8 FF. Inajua mamia ya aina za faili. Utapata faili nyingi bila majina wala folda, na zile zilizokuwa zimetawanyika vipande vipande zitatoka mbovu. Chagua tu aina unazozihitaji kabla ya kuanza, usije ukazama katika maelfu ya ikoni za tovuti.

Sasa swali ambalo wengi hawaulizi: kati ya faili zilizotoka, zipi ziliangukia sekta zisizosomeka? Ddrescue inaweza kukuonyesha. Kwenye nakala nyingine ya `diski.img`, tuseme `diski-kazi2.img`, jaza mapengo kwa alama:

`printf "SEKTA-MBOVU " > alama.txt`
`ddrescue --fill-mode=- alama.txt diski-kazi2.img diski.map`

Kisha ifungue kwa kusoma tu na utafute alama hiyo ndani ya faili zote:

`grep -rl "SEKTA-MBOVU" /mnt/tazama`

Orodha inayotoka ndiyo ya faili zilizoumia. Mhasibu akipewa orodha hiyo anajua ni kitabu kipi asikiamini, badala ya kugundua miezi sita baadaye.

Faili moja moja zilizogoma kufunguka

Nyaraka za Word na Excel za siku hizi ni kifurushi cha zip ndani yake. Jaribu kwanza kuzifungua kwa LibreOffice, ambayo huomba ruhusa ya kurekebisha. Ikishindikana:

`zip -FF ripoti.docx --out ripoti2.docx`

Hata isipofunguka, badilisha kiambishi kuwa .zip uifungue: maandishi yamo kwenye `word/document.xml` na picha kwenye `word/media`.

Kwa wapiga picha wa harusi na ruracio (sherehe ya mahari), ambao huja na kadi moja yenye siku nzima ya mteja: picha ya RAW (data ghafi ya kamera, si ile RAW ya Windows) iliyoharibika mara nyingi ina JPEG nzima iliyofichwa ndani yake. Kwa Nikon jaribu:

`exiftool -b -JpgFromRaw DSC_0412.NEF > 0412.jpg`

Kwa kamera nyingine badilisha kiwe `-PreviewImage`. Bwana na bibi harusi watapata picha za albamu hata kama RAW imekufa. Video ya MP4 isiyofunguka kwa sababu kamera ilizimika kabla ya kumaliza, tatizo lake ni kwamba faharasa yake, iitwayo moov, huandikwa mwishoni. Programu ya untrunc huijenga upya kwa kutumia video nzima iliyorekodiwa na kamera ileile kwa mipangilio ileile:

`untrunc nzima.mp4 mbovu.mp4`

Programu za maduka na za shule nyingi huhifadhi data kwenye hifadhidata za SQLite au MySQL. Kwa SQLite, ukiona kando ya faili kuu kuna faili inayoishia na `-wal`, usiifute hata kidogo. Miamala ya mwisho inaweza kuwa humo tu. Nakili zote pamoja, kisha:

`sqlite3 duka.db ".recover" | sqlite3 duka-mpya.db`

Kwa MySQL inayogoma kuwaka, nakili folda yote ya data kwanza, weka `innodb_force_recovery` kuwa 1, uwashe, na utoe kila kitu kwa mysqldump. Panda ngazi moja moja ukilazimika. Kuanzia 4 inaweza kuharibu data moja kwa moja, kwa hiyo ifanye kwenye nakala tu.

Diski zikiwa nyingi kwenye sanduku moja

Ofisi yenye NAS (sanduku la diski lililo kwenye mtandao wa ofisi) ya diski nne huwa na imani kwamba RAID, yaani diski kadhaa kufanya kazi kama moja, ni bakapu. Siyo. RAID 5 inavumilia diski moja kufa, RAID 6 mbili, lakini faili ikiharibika, inaharibika kwa diski zote kwa pamoja. Sanduku likianza kulalamika, lizime, andika namba ya nafasi ya kila diski kwa kalamu kabla ya kuichomoa, na usibonyeze kujenga upya wala kuanzisha upya. Kujenga upya kunasoma diski zilizobaki mwanzo hadi mwisho, nazo mara nyingi zilinunuliwa siku moja na zina uchovu uleule. Nakili kila moja kwa ddrescue, kisha uziunganishe nakala hizo kwa `mdadm --assemble --readonly`.

Kama sanduku lako linatumia ZFS au Btrfs una bahati. Mifumo hiyo huweka hashi ya kila kipande cha data, hivyo inajua kipi kimebadilika. `zpool status -v` itakutajia faili zilizoharibika kwa majina.

Ukiamua kumpelekea fundi

"Mama, diski hii imepitia kwa nani kabla yangu?" Hilo ndilo swali la kwanza fundi makini atakuuliza, na jibu la "kijana wa saiba aliijaribu kidogo tu" ni habari muhimu, usilifiche. Nawe muulize ya kwako: ataanza kwa kunakili diski nzima? Atalipwa asipopata kitu? Anaifungulia wapi diski ikiwa imeharibika ndani? Anayesema ataifungua hapohapo mezani, chukua diski yako uondoke. Ukiwa na data za wateja au wagonjwa, andikianeni mkataba wa siri, kwani chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 jukumu la data hizo linabaki kwako hata diski ikiwa mikononi mwake.

Ili usirudi tena hapa

Nunua UPS. Hata ndogo ya VA 650 inakupa dakika za kuhifadhi na kuzima. NAS iunganishe nayo kwa kebo ya USB ijizime yenyewe. Pima betri yake kila mwaka kwa kuchomoa plagi ukiwa huna kazi wazi. Laptopu ina betri yake, lakini diski ya nje yenye adapta yake haina, na hapo wengi hupoteza. Umeme ukirudi, ngoja utulie kabla ya kuwasha.

Weka nakala tatu za kilicho muhimu, kwenye vifaa viwili tofauti, na moja iwe nje ya jengo. Diski ya bakapu isikae imechomekwa muda wote, maana kirusi na mshtuko wa umeme vitaifikia pia.

Bakapu isiyopimwa inaweza kuwa inanakili uharibifu kila usiku. Tengeneza orodha ya hashi ukiwa ndani ya folda yako:

`find . -type f ! -name orodha.txt -exec sha256sum {} + > orodha.txt`

Kila mwezi, ndani ya nakala ya bakapu, endesha:

`sha256sum --quiet -c orodha.txt`

Itataja tu faili zilizobadilika au zisizoonekana. Ukiona humo faili ambayo hujaihariri, irudishe kutoka kwenye nakala nyingine siku hiyohiyo, kisha endesha smartctl kwenye diski iliyoitoa. Diski ikishaonyesha sekta mbovu usiiuze wala usimpe mtu: ikiwa bado inaandikika ifute yote, na kama haiandikiki itobolewe sahani.